Ng'ombe wa Mayunga na Mvua ya Kishapu

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye hapa Morogoro, awe wa kazini, wa sokoni au wa kanisani, ananiuliza kwa nini nimekonda na kwa nini sisimulii. Najua wengine mlitegemea vichekesho. Siku ya kuagana mlinicheka sana kwamba navuka nusu ya nchi kwenda kupima ng'ombe anavyocheua. Basi nimeona niandike mara moja, msome kwa zamu, na mkishamaliza tuzungumze mambo mengine.

Treni mpaka Shinyanga

Mimi na Daktari Mbwilo, mkuu wangu wa maabara, tulipanda treni pamoja. Dereva wetu, Athumani, alikuwa ametangulia na Landrova. Kwa wale wasioijua kazi yetu, ni hivi. Ng'ombe anapocheua hutoa gesi mdomoni. Gesi hiyohiyo hutoka pia kwenye matope ya majaruba ya mpunga yakishatuama maji. Hupanda angani na kulishika joto lisitoke, na wataalamu wanasema miaka ikipita dunia itazidi kupata joto. Sasa kila nchi inaulizwa inatoa kiasi gani, na kwetu hakuna aliyewahi kukadiria. Kwa ng'ombe hatukuwa na mashine. Tulikuwa na utepe wa kupima kifua ili tupate uzito, maswali kuhusu malisho, na mifuko ya kuchukulia kinyesi, halafu hesabu ingefanywa mezani. Kwa mpunga tulikuwa na sanduku la plastiki la kufunikia miche, bomba la sindano, na vichupa vya kutilia hewa.

Vile vichupa ndivyo vilivyonitia matatani njiani. Treni iliharibika baada ya Manyoni, watu wakashuka, wakawasha moto kando ya reli na kukoroga uji. Mama mmoja wa Nzega, aliyekuwa amekaa nami tangu Dodoma na kunigawia karanga zake, aliliona sanduku langu likiwa wazi.

"Mwanangu, hivyo vichupa vina dawa gani?"

"Havina kitu, mama. Tumevinyonya hewa."

"Mmenyonya hewa," akarudia polepole. "Ya nani?"

Nilijaribu kumweleza. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akakivuta kikapu chake akakiweka upande wa pili wa miguu yake. Mpaka Tabora hakunigawia tena karanga. Nilicheka moyoni wakati ule.

Baada ya Tabora nilianza kuitazama nchi. Mvua zilikuwa zimeanza vizuri mwaka ule, watu wakalima na kupanda, halafu zikakatika. Mahindi yalikuwa yamefika magotini, majani yamejikunja kama sigara. Mbele zaidi yalikuwa meupe kabisa. Tulipofika Shinyanga, Athumani alitupokea na habari kwamba majaruba ya Didia, kijiji tulichopangiwa kupima mpunga, yamepasuka kwa ukame, hivyo mpunga usubiri. Daktari akasema, "Tuanze na ng'ombe basi." Tukageuza gari kuelekea Kishapu.

Kishapu

Mwenyeji wetu alikuwa Minza, bibi mifugo wa huko, msichana wa Shinyanga mjini mwenye kicheko cha karibu na baiskeli isiyo na breki. Kisukuma chake ndicho kilichotuvusha, maana wazee wengi walikuwa wanasikia Kiswahili lakini hawakipendi kinywani.

Kwenye kijiji cha kwanza watu walitukwepa. Waliokuja kupima ng'ombe zamani walikuja kuwapunguza. Mtu wa kwanza kukubali alikuwa Mayunga, mwanaume wa makamo, mrefu, mwenye ng'ombe wengi kuliko jirani yeyote. Alitukaribisha bomani, akaamuru tuletewe viti. Mkewe, Holo, alituletea maziwa mgando kwenye kibuyu, na michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, iliyopikwa na karanga. Majirani wakaja kusimama kwenye uzio kusikiliza.

Daktari alisimama akaeleza kama anavyowaeleza wanafunzi wake, taratibu, bila makuu. Alisema ng'ombe si adui, kwamba gesi yao ni kidogo ukilinganisha na moshi wa viwanda vya wenzetu, na kwamba jambo lenyewe ni la dunia nzima na la miaka mingi. Minza akatafsiri. Nilitambua kwamba maneno marefu ya Daktari yalitoka mafupi upande wa pili, lakini nikadhani Kisukuma ndivyo kilivyo.

Mayunga aliuliza, "Na Wazungu wana ng'ombe?"

"Wanao. Wengi sana."

"Na wao mmewapima?"

"Wanajipima wenyewe."

Mayunga akacheka. "Basi na mimi nitajipima mwenyewe, niwaambie ni wachache."

Watu wote wakacheka, na sisi pia. Mzee mmoja tu hakucheka. Alikuwa ameegemea uzio, akauliza kitu kwa sauti ndogo. Minza akatugeukia. "Anauliza kama pumzi ya ng'ombe kweli inapasha mbingu joto."

Daktari akajibu, "Kidogo kidogo, ndiyo."

Minza akamwambia mzee, "Ndiyo."

Tulifanya kazi kwenye boma la Mayunga kutwa nzima, na kesho yake, na siku iliyofuata, kwa sababu wengine walikuwa bado wanajishauri. Nilimpima kila ng'ombe kifua. Alikuwepo maksai mmoja mweupe, mpole, ambaye Mayunga alimwita Sukari. Alisema sukari yenyewe haionekani tena madukani, afadhali mtu awe nayo bomani. Sukari alisimama bila kushikwa, akanipumulia shingoni nikiuzungusha utepe. Holo alinitazama kutoka mlangoni, akasema kwa Kiswahili chake cha kuhesabu maneno, "Amekupenda, Mama Upendo." Nilikuwa nimewaambia jina la mwanangu asubuhi ileile, na hakulisahau.

Tulilala Mhunze, mji mdogo wa jirani, kwenye nyumba ya wageni. Tulikuwa tunajiandaa kuondoka kwenda Geita, ambako tulipangiwa vijiji vingine, wakati Mayunga alipoingia uani kwa miguu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alimwamkia Daktari ipasavyo, wakamaliza salamu zote, ndipo akasema ng'ombe wameibiwa alfajiri. Wote.

Minza alitueleza desturi. Ng'ombe wakiibiwa, mwenyewe hupiga mwano, ukelele wa hatari, na kila mwanaume anayeusikia hutoka na upinde na kuufuata, awe rafiki au asiwe. Asiyetoka hutozwa faini. Mayunga alikuwa amepiga mwano mpaka sauti ikakauka. Walitoka wawili, mtoto wa kaka yake na jirani mmoja mgeni kijijini. Watu wachache namna ile hawakuweza kuwakabili wezi wenye bunduki. Waliziacha nyayo zikielekea magharibi.

"Kwa nini wengine hawakutoka?" Daktari akauliza.

Minza alimuuliza. Mayunga alijibu akitazama chini. Minza alijifunika mdomo kwa kiganja kabla ya kutafsiri.

"Anasema wanasema ng'ombe wake ndio waliofukuza mvua. Wanasema wataalamu wenyewe walithibitisha."

Daktari alimwomba arudie, kana kwamba hakusikia. Kisha akapanda gari, akataka turudi kijijini tukaitishe mkutano. Tukaenda. Walikuja wachache, wakakaa mbalimbali. Daktari alieleza upya, safari hii kwa sentensi fupi, na Minza akatafsiri kila moja. Alisema mvua ya Kishapu haijui ng'ombe wa Mayunga. Alisema hata ng'ombe wote wa Usukuma wakitoweka leo, wingu halitaongezeka. Watu walimsikiliza mpaka mwisho. Yule mzee wa kwenye uzio ndiye aliyejibu.

"Tumekusikia, baba. Mvua ikinyesha tutazungumza."

Kwenda Ushirombo

Mayunga aliomba lifti, na Minza naye akaja nasi ili atutafsirie mpaka Geita. Ng'ombe wanaoelekea magharibi, alisema, wanapelekwa kwa wachimba dhahabu, kwa sababu huko watu wanakula nyama kila siku na hawaulizi. Alikaa nyuma kati ya sanduku langu na pipa la mafuta, fimbo kati ya magoti. Kila kundi la ng'ombe tulilopishana nalo aligonga bati, Athumani akasimama, yeye akashuka, akatazama chapa mapajani, akarudi. Hakuna aliyemwambia tunachelewa.

Kahama hapakuwa na petroli. Tulikaa foleni kutwa, na kesho yake tena. Mgahawa pekee uliokuwa na kitu ulikuwa na chai ya rangi isiyo na sukari na mihogo ya kuchemsha. Minza, ambaye kicheko chake sikukisikia tena, alikaa kwenye kivuli cha gari na kunieleza jambo ambalo nadhani alikuwa amelizungusha kichwani tangu Mhunze.

"Dada, kwa Kisukuma sikupata neno la gesi. Nikasema pumzi. Na 'angani' nikasema mbinguni. Ungesema vipi wewe?"

Nilimwambia kwamba hata Kiswahili tulichompa hakikuwa kizuri.

Ushirombo tulifika jua likiwa limeinama. Athumani alimjua mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, Mzee Karimu, Mwislamu aliyezaliwa palepale, anayezungumza Kisumbwa kama wenyeji na kununua ngozi kwa ajili ya viwanda. Mkewe alitukaangia bagia. Mayunga hakukaa kula. Aliomba ruhusa, akaingia stoo, akazigeuza ngozi zote moja moja. Nilimsaidia kushika taa ya chemli mlangoni, maana ndani mlikuwa na giza hata mchana. Chapa yake haikuwemo.

"Hazitafika hapa," Mzee Karimu alimwambia kwa upole. "Mwizi anajua mimi naangalia chapa. Nenda machimboni. Lakini, ndugu yangu, usitegemee kuwakuta wamesimama."

Machimboni

Sitalitaja jina la machimbo yale, kwa sababu huenda yameshahama. Ni kilima kilichotobolewa kila upande, udongo mwekundu umemwagwa mpaka barabarani, na kati ya mashimo vibanda vya maturubai na magunia. Kila shimo wanaliita duara, na kila duara lina mwenyewe. Vijana walikuwa wanatoka chini wamepakaa udongo mpaka kope, huwezi kujua nani ni nani. Siku mbili kabla hatujafika duara moja lilikuwa limefukia watu. Tulipita penye vifusi vyake, mwanamke amekaa hapo peke yake, watu wanampita.

Tulikuwa na njaa ya tangu Ushirombo. Tuliingia kwenye kibanda cha mama lishe, akatupa ugali na nyama ya ng'ombe, mchuzi mwingi, na pilipili. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Kishapu kumwona Mayunga akila. Alikula polepole mwanzoni, kisha akala kama mtu aliyejisahau. Aliomba kuongezwa nyama, Daktari akafurahi, akasema aongezwe. Alinawa mikono, akashukuru, "Wabeja," akatoka nyuma ya kibanda kujisaidia.

Hakurudi. Minza alimfuata, na yeye hakurudi. Nilipotoka niliwakuta uani kwa mchinjaji, ukuta mmoja na kibanda tulichokuwa tunakula. Ngozi zilikuwa zimewambwa chini kwa vigingi, zinakauka. Mayunga alikuwa amechuchumaa penye ile nyeupe. Kiganja chake kilikuwa juu ya chapa.

Nami niliijua ile ngozi. Nilikuwa nimeizungushia utepe.

Hakulia. Alisema maneno machache kwa Kisukuma, na Minza akaondoka akaenda kusimama mbali. Baadaye sana alinieleza. Mayunga alikuwa amesema, "Mke wangu asijue kwamba nimekula." Nawaandikia ninyi kwa sababu najua hakuna kati yenu atakayefika Kishapu.

Mchinjaji alikuwa kijana tu, hakuogopa wala hakukana. "Waliletwa, nikanunua. Wengine wamepelekwa machimbo ya mbele, huko wameshaisha. Hapa huulizi mtu katoka wapi, hata wewe sijakuuliza." Mayunga aliposema neno wizi kwa sauti, watu walianza kusogea na sululu zao, na nilidhani wangempiga. Mwenye duara mmoja, mtu mzima aliyevaa koti la mvua juu ya kifua wazi, akaingia kati. Aliongea naye Kisukuma pembeni kwa muda mrefu. Walitoka mahali pamoja, kumbe. Mwishowe mchinjaji aliing'oa ile ngozi, akaikunja, akampa Mayunga bila kudai kitu.

Daktari alikwenda kuripoti kituo cha polisi. Aliambiwa wezi watajwe majina, na mashahidi waletwe. Aliporudi, Mayunga alikuwa ameshaamua.

"Nitabaki hapa. Yule mwenye koti la mvua amenipa nafasi kwenye duara lake."

"Lile lililofukia watu liko hatua chache tu kutoka hapa," Daktari alisema. "Rudi nasi. Tutakufikisha mlangoni kwako."

"Nirudi na nini, baba? Na fimbo?"

Daktari alimsihi tena jioni, na asubuhi tulipokuwa tunapakia. Mayunga alinikabidhi ngozi nimpelekee Holo, akaniambia nimweleze kwamba atarudi akipata mtaji wa ndama. Kisha akauliza tutapitia Kishapu au la, kana kwamba hakuamini. Nilimwahidi. Nilipogeuka kutazama nyuma, alikuwa ameshapakaa udongo kama wengine, sikuweza kumtambua.

Kwenye vijiji vya Geita tulivyokuwa tumepangiwa, tulipima ng'ombe bila kueleza lolote. Daktari alisema tu kwamba tunajifunza afya ya mifugo. Huo ulikuwa uongo, na yeye si mtu wa uongo. Kila jioni alikaa peke yake kwenye ngazi ya gari.

Kurudi Kishapu

Mvua ilitukuta baada ya Kahama. Ilianza na upepo wa vumbi, kisha matone makubwa, kisha hatukuiona barabara. Tulikwama kwenye tope mara nyingi, na kila mara watu walikuja kutusukuma wakicheka, wameloa, watoto wanaruka kwenye madimbwi. Sijawahi kuona watu wenye furaha vile. Ndani ya gari Athumani peke yake ndiye aliyesema neno, tulipokaribia Mhunze, "Mungu angengoja kidogo tu."

Kijijini watu wote walikuwa mashambani wanapanda mtama upya. Maksai walikuwa wanavuta majembe kila upande. Shamba la Mayunga lilikuwa limelala na mahindi yake makavu.

Kabla hatujashuka, yule mzee wa kwenye uzio alitujia kwa haraka, na watu kadhaa nyuma yake. Alikuwa na jogoo mikononi, miguu imefungwa kwa kamba ya mkonge. Alimpa Daktari kwa mikono miwili.

"Wabeja, baba. Ulituonyesha."

Daktari alisimama na yule jogoo kifuani. Angesema nini? Mbingu yenyewe ilikuwa inanyesha juu ya kichwa chake. Mzee alimpigapiga begani kama rafiki, akarudi shambani.

Holo alikuwa ndani. Alinipokea vizuri, akauliza habari za njia, akauliza habari za Upendo. Nilimpa ngozi. Aliikunjua nusu, akaona chapa, akaikunja tena. Minza alimweleza habari za mumewe, yote ila lile moja. Daktari alimnyooshea yule jogoo, akasema, "Mama, nakuomba upokee." Holo alimpokea, akachuchumaa, akafungua kamba miguuni, akamwachia. Jogoo alivuka shamba kwa kukimbia, akarudi kwa mwenyewe.

Kisha Holo akasema na Minza kwa muda. Hakuna aliyekuwa amemfanyia ubaya, alisema. Wanamsalimu. Watu wanamchotea hata maji. Lakini hakuna aliyemwazima maksai, na kila mvua ikinyesha wanalitazama boma lake tupu, wanatikisa kichwa. Aliuliza kama tunaelekea Didia. Kaka yake anakaa huko.

Didia

Majaruba ya Didia yalikuwa yamejaa, na ilibidi tufanye kazi iliyobaki. Holo alikaa nyuma na watoto wake wawili, chungu, jembe, na ile ngozi. Njia nzima hakuuliza tunakwenda kupima nini.

Watu walikuwa wamezama kwenye matope wakipandikiza mpunga, migongo imeinama mstari mmoja. Tulisimama mbele ya nyumba ya kaka yake. Kaka hakuwepo. Mke wa kaka alitoka shambani, matope mpaka magotini, mkono bado umeshika miche. Alifurahi kumwona wifi yake, au alionyesha kufurahi. Walisalimiana kama wanavyosalimiana Wasukuma, kwa muda mrefu, kila mtu wa nyumbani anaulizwa, na alipoulizwa Mayunga, Holo alijibu kwamba hajambo.

Halafu yule wifi akatazama ndani ya gari. Aliwaona watoto, akauona mzigo, na jembe, ambalo mgeni wa kutembea habebi. Akauliza swali, Holo akalijibu, na Minza, aliyekuwa amesimama karibu nami, akanitafsiria kwa sauti ya chini bila kunitazama.

"Mmekuja kutembea, wifi?"

"Ndiyo, wifi. Tumekuja kutembea."

Mke wa kaka akaiweka miche chini. Akampokea chungu, akamshika yule mtoto mdogo mkono, akatangulia kuelekea ndani. Jembe alimwachia mwenyewe.